Pombe, hamira na vinasi: Seli hujuaje wakati wa kugawanyika?

Mapema mwaka jana nilivuka feri kwenda Bofu, Likoni, kumjulia hali shangazi yangu, dada ya marehemu baba. Alikuwa ameanza kumeza vidonge vya saratani ya matiti. Nilimkuta kakasirika. Alikuwa amemaliza wiki tatu za dawa, kidonge kimoja kila siku, na sasa ameambiwa akae siku saba bila kumeza kitu ndipo aanze tena. Kwa hesabu yake, hiyo ilikuwa njia ya kumpunja. "Ugonjwa hauendi likizo, dawa yaenda likizo ya nini?" Alikuwa ameazimia kutafuta pakiti nyingine aunganishe, asipumzike hata siku moja.

Akanipa karatasi iliyokuja na dawa. "Wewe si profesa? Hebu nisomee. Hii dawa yafanyani mwilini mwangu?"

Nikasoma. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Nikamwambia, "Ni dawa ya kuzuia kinesi." Shangazi akanitazama. "Kinesi ni mdudu?" Nikasema si mdudu. "Basi ni nini?"

Nikanyamaza. Nimefundisha isimu ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, lakini siku hiyo sikuwa na sentensi moja ya Kiswahili ya kumweleza mtu mzima kile anachokimeza. Nilimsihi tu afuate maagizo ya daktari. Akafuata, kwa shingo upande.

Makala ya leo ni jaribio la kulipa deni hilo. Nimesoma, nimewasumbua wenzangu wa biolojia, na nimegundua kuwa njia fupi ya kuielewa dawa ya shangazi inaanzia kwenye vitu alivyovijua yeye kabla mimi sijazaliwa: hamira na pombe.

HAMIRA NI KIUMBE

Mtoto yeyote aliyelelewa Likoni anaijua harufu ya unga wa mahamri. Jioni unakandwa kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, unafunikwa, na alfajiri ukifunuliwa umeumuka. Akina mama wanajua pia kuwa hamira ikitiwa maji yanayochemka haiumui kitu. Husema "imekufa". Nao wanasema kweli kabisa, kwa sababu hamira ni kiumbe hai, aina ya kuvu yenye seli moja tu. Inakula sukari, inatoa hewa ya kaboni inayoufanya unga ujae vishimo, na inatoa kileo. Kwenye mahamri kileo hicho hupotea katika mafuta ya moto. Kwenye tembo la mnazi, ndicho anachokitafuta mnywaji. Tembo likiteremshwa asubuhi bado ni tamu. Jioni limekwisha kuwa kali, kwa kuwa hamira za porini zimeshafanya kazi yake kibuyuni.

Lugha yenyewe ilikwisha kulitambua jambo hili. "Hamira" na "mahamri" yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti kh-m-r, mzizi uo huo unaozaa neno khamr, yaani mvinyo. Waliounda maneno hayo hawakuwa na hadubini, lakini walijua kuwa kinachoumua mkate na kinachochachua kinywaji ni jamaa.

NENO LETU KATIKA MAABARA ZA DUNIA

Mnamo 1893, mtaalamu wa Kijerumani wa mambo ya uchachushaji, Paul Lindner, aliichunguza pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Ndani yake alikuta hamira isiyo ya kawaida. Hamira ya mikate huzaana kwa kuchipuza: mtoto hutokeza ubavuni mwa mama kama chipukizi, akakua, akajitenga. Hii ya kwetu ilikuwa na umbo la fimbo fupi. Ilirefuka, ikajenga ukuta katikati, kisha ikapasuka kuwa mbili zilizo sawa, kama muhogo uliokatwa pale pale kati.

Lindner akaiita Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ni Kigiriki: kupasua, sukari, kuvu. Sehemu ya pili ni Kiswahili, wala haikutafsiriwa. Ni pombe, vivi hivi. Binamu yake wa kwenye mikate anaitwa Saccharomyces cerevisiae, na hilo neno la mwisho linatokana na jina la Kilatini la bia. Kwa hiyo hamira mbili zilizochunguzwa kuliko zote duniani zimepewa majina ya kinywaji, moja kwa Kilatini na moja kwa Kiswahili. Hadi leo, hazina ya kitaalamu inayohifadhi habari za jeni za hamira hii kwenye intaneti inaitwa PomBase. Watafiti wa London na Tokyo hulitamka neno letu kila siku, pengine bila kujua limetoka wapi.

Sisi tulitoa neno. Tuone basi lilitumika kufundishia nini.

FERI HAIONDOKI HIVI HIVI

Hamira ya pombe ikizaliwa ina urefu wa mikromita 7 hivi. Inakua hadi kufikia kama 14, ndipo inapasuka. Ni ndogo mno: ukizipanga zilizokomaa kwa mstari, kama 70 zatosha kujaza milimita moja. Ikipata chakula na joto la kutosha, safari yote huchukua takriban saa mbili na nusu. Safari hiyo ndiyo tunayoiita mzunguko wa seli.

Mzunguko huu una awamu nne. Seli hukua, kisha hunakili DNA yake yote, kisha hujiandaa na kukagua nakala, mwishowe huzigawa nakala hizo sawasawa na kupasuka. Hamira ya pombe ina kromosomu 3, hamira ya mikate 16, mtu 46. Idadi zatofautiana, lakini sharti ni moja: kila mtoto apate seti kamili. Seli ikipasuka kabla ya kumaliza kunakili, watoto watakosa sehemu ya maagizo ya uhai. Ikinakili bila kupasuka, itavurugika.

Sisi wa Likoni tuna mfano wetu. Feri ikitia nanga, magari hupakiwa, watu huingia, mlango wa chuma hupandishwa, ndipo chombo huondoka. Utaratibu huo haubadiliki, na lazima awepo mtu wa kuamua kuwa sasa tayari. Chombo kikijazwa kupita kiasi kikaachwa kiondoke, twajua hutokea nini. Yaliyotukuta Mtongwe mwezi wa Aprili 1994 hatujayasahau.

Swali lililowashughulisha wanasayansi kwa miaka mingi ni hili: ndani ya seli hamna nahodha wala polisi. Nani basi huamua kuwa sasa tayari?

KINASI NI NINI?

Jibu ni vimeng'enya ambavyo Kiingereza huviita "kinase". Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusogeza, kitenzi kilichozaa pia neno letu la mkopo "sinema", yaani picha zinazosogea. Kiambishi cha mwisho ni alama ya vimeng'enya tu.

Tuliiteje kwa Kiswahili? Siku ile nilisema "kinesi" kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Sasa napendelea "kinasi", wingi "vinasi", katika ngeli ya KI-VI. Najua kuna atakayepinga: ati ki- hiyo si kiambishi, ni sehemu ya shina. Ni kweli. Lakini hata "kitabu" lilikuwa hivyo. Katika Kiarabu, k ya kitab ni konsonanti ya mzizi. Waswahili walisikia ki-, wakasema vitabu, na hakuna anayelalamika leo. Neno geni likija na sura ya ngeli yetu, tulikaribishe ndani ya ngeli.

Haya, kinasi hufanya kazi gani? Seli imejaa protini. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo huiwezesha kufanya kazi yake. Kinasi huchukua kipande kidogo kiitwacho fosfati kutoka kwenye ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ya seli, na kukibandika mahali maalumu kwenye protini nyingine. Kipande ni kidogo, lakini kina chaji ya umeme, nayo huibadilisha protini tabia. Iliyokuwa imelala huamka. Iliyokuwa ikifanya kazi husimama. Kuna vimeng'enya vingine, fosfatasi, ambavyo kazi yake ni kukibandua kipande hicho na kurudisha mambo yalivyokuwa.

Kwa msomaji wa ukumbi huu wa lugha, mfano u karibu. Chukua kitenzi "funga". Ongeza irabu moja tu, u, upate "fungua". Mzizi ni ule ule, sauti moja imeongezwa, na maana imegeuka kinyume. Fosfati ni kama irabu hiyo. Seli haina haja ya kuunda protini mpya kila inapotaka kubadili mwendo. Inabandika, inabandua, kwa haraka na kwa gharama ndogo. Mwili wa mtu una vinasi vya aina zaidi ya 500. Hamira ina kama 100 na ushei. Kati ya hivyo, vichache ndivyo vyenye mamlaka juu ya mzunguko wa seli.

NDOGO KAMA ZA WASKOTI

Vilijulikanaje? Mmarekani Leland Hartwell ndiye aliyefungua njia, akitumia hamira ya mikate, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Alitafuta hamira zenye hitilafu ya jeni, zinazokua vizuri penye ubaridi wa nyuzi 23 lakini zinazokwama zikitiwa kwenye nyuzi 36. Kila moja ilikwama mahali pake katika mzunguko. Hapo angeweza kusema: jeni hii inahitajika hatua hii, jeni ile hatua ile. Alipata zaidi ya 100. Moja aliyoipa nambari 28 ilisimamia mwanzo wa safari yenyewe.

Mwingereza Paul Nurse aliifuata njia hiyo akiwa Edinburgh, Uskoti, katika maabara ya Murdoch Mitchison, lakini yeye alitumia hamira ya pombe. Uzuri wa hamira hii ni kuwa inakua kwa kurefuka tu. Ukiipima urefu wajua imefika wapi safarini. Siku moja Nurse aliona seli zilizokuwa zikipasuka zikiwa fupi, karibu nusu ya kawaida. Waskoti wana neno lao la nyumbani la kusema "kadogo", nalo ni "wee". Jeni yenye hitilafu akaiita wee1, na habari hiyo ikachapishwa 1975.

Tafakari alichokifikiri. Kama jeni imeharibika na seli ikaondoka mapema, basi jeni hiyo ilipokuwa nzima kazi yake ilikuwa kuchelewesha. Wee1 ni breki. Na kulikuwa na jeni nyingine, cdc25, ambayo ikiharibika seli hurefuka, ikarefuka, isipasuke kamwe. Hiyo basi ni ya kufungua breki.

Nurse aliendelea kuzisaka hizo ndogondogo, akapata kama 50. Karibu zote zilikuwa na hitilafu kwenye wee1 ile ile. Amesimulia mwenyewe jinsi sahani moja ilivyokuwa imeingiliwa na ukungu, akachoka, akaitupa jalalani. Baadaye moyo ukamsuta, akarudi kuiokota. Ndani yake mlikuwa na hitilafu katika jeni nyingine kabisa, cdc2. Jeni hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa ikifa, seli haipasuki. Sasa ikaonekana kuwa ikigeuzwa kwa namna fulani, seli hupasuka mapema. Kitu ambacho kikikosekana safari hakuna, na kikizidi nguvu safari huwa mapema, hicho ndicho injini.

Miaka ya 1980 ilipofika, iliwezekana kuzichunguza protini zenyewe. Mwaka 1986 ilithibitika kuwa Cdc2 ni kinasi. Wee1 nayo ikaonekana kuwa kinasi. Na mwaka 1989 pakajulikana mahali hasa pa ugomvi: asidi amino ya 15 katika mnyororo wa Cdc2, aina iitwayo tairosini. Wee1 hubandika fosfati hapo, injini ikazimwa. Cdc25, ambayo ni fosfatasi, huibandua, injini ikawaka.

Seli ikiwa bado fupi, Wee1 ina nguvu zaidi. Seli ikikua, Cdc25 huongezeka, na baadhi ya Cdc2 huanza kuamka. Hapo hutokea jambo la ajabu: Cdc2 iliyoamka huitia nguvu Cdc25 na kuidhoofisha Wee1, kwa hiyo Cdc2 nyingine nyingi huamka kwa mkupuo. Ndiyo maana seli haipasuki nusunusu. Ikishaamua, imeamua, kama feri iliyokwisha kukata kamba.

UFUNGUO WA INJINI

Bado kulikuwa na jambo moja. Cdc2 pekee, hata isiyo na breki, haifanyi kazi. Inahitaji mwenzi. Mwenzi huyo aligunduliwa mbali na hamira. Mwaka 1982, Mwingereza Tim Hunt alikuwa Woods Hole, pwani ya Marekani, akichunguza mayai ya yule kiumbe wa baharini wa mviringo mwenye miiba, ambaye sisi tulipokuwa watoto tulimchelea maji yakitoka. Aliona protini inayojikusanya polepole, kisha inatoweka ghafla kila yai linapogawanyika, halafu inaanza kujikusanya upya. Kwa kuwa inakwenda kwa mzunguko, akaiita jina ambalo kwa Kiswahili naliandika "saiklini". Asili yake ni neno la Kigiriki la gurudumu, lile lile tulilolipata ndani ya "baiskeli".

Saiklini ni ufunguo. Ikishikana na Cdc2, na breki ikiwa imefunguliwa, kinasi huwaka na kubandika fosfati kwenye protini nyingi kwa wakati mmoja. Kromosomu hujikunja, nyuzi za kuzivutia pande mbili hujengwa. Kazi ikiisha, seli huivunjavunja saiklini yenyewe. Ufunguo umetupwa, injini imezima, watoto wawili wanaanza upya.

Hartwell alituongezea wazo la kituo cha ukaguzi. DNA ikikatika, katika hamira ya pombe kuna kinasi kingine, Chk1, kinachopiga kelele: kinaizuia Cdc25 na kuisaidia Wee1, seli ingoje hadi pale palipokatika parekebishwe. Seli isiyo na ukaguzi huo hupasuka na DNA iliyovunjika.

JENI YA MTU NDANI YA HAMIRA

Msomaji ataniuliza, haya yote ya hamira yanatuhusu nini sisi? Mwaka 1987, Melanie Lee na Paul Nurse walichukua hamira za pombe ambazo cdc2 yao ilikuwa imeharibika, zisizoweza kupasuka. Wakazitia jeni mbalimbali za mtu, kwa kubahatisha, waone kama kuna itakayoziokoa. Moja iliziokoa. Walipoisoma, protini yake ilifanana na Cdc2 ya hamira kwa karibu theluthi mbili.

Fikiria hapo. Mtu na hamira walitengana katika ukoo wa viumbe zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado injini ya mmoja ikiwekwa katika chombo cha mwenziwe, inawaka. Ya mtu leo inaitwa CDK1, kifupi chenye maana ya kinasi kinachotegemea saiklini. Mwaka 2001 Hartwell, Nurse na Hunt walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba.

TURUDI BOFU

Mwili wa mtu una jamaa kadhaa wa injini hiyo, wenye nambari. CDK4 na CDK6 husimamia mlango wa mwanzo kabisa, pale seli inapoamua kama itaanza safari au itatulia. Mlangoni hapo kuna protini mlinzi, iitwayo Rb, inayozuia. Vinasi hivi viwili, vikiwa vimeshikana na saiklini yao, humbandika mlinzi fosfati, naye huachia njia. Katika aina nyingi za saratani ya matiti inayochochewa na homoni, homoni huzidisha saiklini hiyo, na mlinzi habanduliwi fosfati. Mlango u wazi usiku na mchana.

Vidonge kama vya shangazi, ambavyo vya kwanza viliidhinishwa Marekani mwaka 2015, huingia kwenye mfuko mdogo ndani ya kinasi, mahali pale pale ambapo ATP ingekaa. Kinasi kikikosa ATP hakina fosfati ya kubandika. Mlinzi hurudi kazini, seli ya saratani hukwama mlangoni.

Na ile wiki moja ya kupumzika? Hapa ndipo nilipoona hatari ya kunyamaza kwangu. Vinasi hivyo si mali ya saratani peke yake. Uboho ulio ndani ya mifupa huzalisha chembe nyeupe za damu kila siku, nao hutumia mlango uo huo. Dawa inapoufunga, inaufunga kwa wote. Wiki tatu zikipita, askari wa mwili huwa wamepungua. Siku saba ni za kuupa uboho nafasi ya kuzalisha wengine. Shangazi angeunganisha pakiti mbili kwa kudhani anaudhibiti ugonjwa, angejiacha bila kinga, na homa ndogo tu ingeweza kumlaza. Hii ndiyo sababu mgonjwa asibadili mpango wa dawa bila kumwuliza daktari wake.

Nimesikia hoja kuwa Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, kwa hiyo kazi ya maneno haikuanza leo. Na katika makala haya nimetumia maneno ya mkopo machache kuliko nilivyotarajia: kinasi, saiklini, fosfati, fosfatasi, jeni na mengine kama hayo. Yaliyobaki ni breki, mlango, mlinzi, kubandika na kubandua. Upungufu wangu siku ile haukuwa wa istilahi. Hata ningekuwa na neno "kinasi" mdomoni, shangazi angeuliza vilevile, "Basi ni nini?" Nilichokosa ni maelezo, na maelezo sikuwa nayo kwa sababu sijawahi kudaiwa kuyatoa kwa Kiswahili. Tangu shule ya sekondari niliisoma biolojia kwa Kiingereza, nikaijibu kwa Kiingereza katika mtihani, nikaisahau kwa Kiingereza. Naamini wahudumu wengi wa afya wamepitia njia hiyo hiyo. Katiba yetu ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Mahali pa kuipima hadhi hiyo ni kitandani pa mgonjwa na kwenye karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa.

Nina pendekezo dogo kwa wanafunzi wangu na wa wenzangu: kila tasnifu ya istilahi iambatane na kurasa mbili za maelezo, na kurasa hizo zisomewe mtu asiyewahi kuingia maabara. Asipoelewa, tasnifu irudi.

Mimi nimeanza na wangu. Juma lililopita nilivuka tena. Tulikaa uani, sahani ya mahamri na mbaazi katikati, nikamweleza shangazi habari za hamira, za feri, za breki na za mlango. Alinikatiza mara mbili tatu. Mara ya mwisho akasema, "Kwa hivyo hiyo wiki moja ni ya kuzipa nafasi zile chembe nzuri."

Nikasema ndiyo, hasa.

Akamega hamri, akatafuna kwa utaratibu, kisha akaniuliza, "Sasa mbona hukunambia kitambo?"